Msilaze Farasi Bondeni

Wajukuu zangu wa Kanazi, habari zenu zimenifikia kabla hamjaja wenyewe kunieleza. Nimeambiwa mmechanga fedha na kuunda kikundi, na mnataka kuleta farasi kutoka Uganda kwa njia ya Mutukula. Mchana muwatembeze watalii kwenye rweya, nyika yetu ya nyasi, jioni muweke kambi kando ya mto Ngono au ndani ya msitu wa Rubare, mwote moto na mpige picha. Video za Wamarekani mmeziona kwenye simu: mahema yamepangwa chini ya misonobari, farasi wamefungwa kwenye vyuma, mtu anamimina kahawa kwenye kikombe cha bati. Mkasema kahawa tunayo, misonobari tunayo, kilichobaki ni farasi tu.

Sikusudii kuwavunja moyo. Ujana wangu mwingi niliumalizia kwenye mazizi ya Nairobi, upande wa Karen na Lang'ata, nikiwa saisi, na farasi wamenilisha mimi na mama zenu. Lakini hapa kwetu mtu anayejua bei ya farasi ni mmoja kati ya mia, na anayejua farasi anakufaje sijui kama yupo. Kwa hiyo kaeni kidogo.

Ninyi mnaogopa njia. Nimewasikia mkiulizana: mgeni akianguka itakuwaje? Nyoka je? Akitokea mbwa mkali kwenye kibanja cha mtu? Hayo yapo, na kila moja lina dawa yake. Farasi lakini hamtampoteza njiani. Mtampoteza mahali mtakapomlaza, na hamtajua kwamba ni pale, kwa sababu atakufa mkiwa mmekwisha kurudi nyumbani.

Kuna maradhi ambayo sisi masaisi tuliyaita tu ugonjwa wa farasi, kana kwamba hakuna mengine. Ni ya kirusi, tena kirusi chenye aina 9, na hubebwa na mdudu wa jamii ya usubi, mdogo kiasi kwamba akitua mkononi utadhani ni chembe ya masizi. Si wale nzi wa ziwani mnaowaona wakipaa kama moshi upande wa Kemondo. Wale hawaumi mtu wala mnyama. Huyu anauma, na huuma kimyakimya, tangu jua linapozama hadi linapochomoza. Huzaliana kwenye udongo wenye majimaji na samadi: kingo za mabonde, penye mafunjo, pale ng'ombe wanaponyweshwa. Yaani pale pale mlipopachagua kwa ajili ya picha.

Ugonjwa huu hauna tiba. Farasi kumi wasio na chanjo wakiupata kwa ukali wake, saba mpaka tisa hufa. Nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, hufa kama nusu. Punda wetu wengi hupona, na pundamilia haonyeshi hata dalili ingawa kirusi kinatembea kwenye damu yake.

Niwaeleze nilivyouona. Kulikuwa na jike mmoja wa rangi ya hudhurungi, mpole, aliyekuwa amerudi kutoka safari ya kambi. Mwenye farasi aling'ang'ania kulala kando ya maji kwa sababu wageni wake walitaka kuamka wakitazama viboko. Jike akarudi mzima, akala vizuri, akagombana na wenzake horini kama kawaida yake. Siku zikapita. Wiki iliyofuata, asubuhi, nikamkuta amesimama mbali na hori, kichwa chini. Juu ya jicho la farasi pana kishimo. Mwangalieni farasi yeyote mtakiona. Kishimo chake kilikuwa kimejaa na kutuna. Nikabonyeza kwa kidole gumba, alama ya kidole ikabaki. Kope zikavimba, mashavu yakafuata. Kesho yake akaanza kukohoa, miguu ya mbele ameipanua, puani linamtoka povu jeupe, jingi, la kujaza ndoo. Alikufa akiwa amesimama karibu mpaka mwisho, kisha akaanguka kwa mara moja.

Tukaulizwa sisi masaisi: mlimlisha nini? Zizi likakaguliwa, pumba zikamwagwa, kijana mmoja akafukuzwa kazi. Hakuna aliyeuliza jike yule alilala wapi wiki moja nyuma. Nawaambieni hili mapema kwa sababu litawatokea na ninyi: mtalala Ngono Jumamosi, farasi ataugua Jumamosi ya pili akiwa uani kwenu, na mtasema jirani amemroga.

Si sisi wa kwanza kufundishwa na mdudu huyu. Kule Rasi, Afrika Kusini, mwaka 1854 na 1855 farasi wapatao 70,000 walikufa kwa mkumbo mmoja. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Jenerali van Deventer alitoka upande wa Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916 na kikosi cha wapanda farasi, mvua za masika zikiwa juu yao, kwenda Kondoa Irangi. Mji waliutwaa mwezi huo huo, lakini farasi kwa mamia walikuwa wamebaki njiani, na waliosalia hawakufaa kitu. Mwaka ule farasi walikufa kwa maelfu katika ardhi hii, kwa ugonjwa wa farasi na kwa mbung'o. Waingereza walioivamia Bukoba yetu Juni 1915 walikuja kwa meli na kupigana kwa miguu. Nadhani walikuwa na akili zaidi.

Na mbung'o msimsahau. Farasi akipata nagana, maradhi anayoyaleta mdudu huyo, hudhoofu mbele ya macho yenu, anakula na mbavu zinahesabika. Kanazi mbung'o si shida sana, lakini nimesikia mna ndoto ya kuwapeleka hadi Burigi kwa sababu sasa ni hifadhi ya taifa, tangu 2019, na watalii wanaijua. Ukanda ule wa Burigi na Biharamulo ni makao ya mbung'o tangu babu zetu. Ng'ombe wa watu wameisha kule. Kama mtampeleka farasi Burigi, mpelekeeni na jembe la kumzikia. Minziro nako, hata msifungue mdomo. Ni msitu mzuri na vipepeo wake wanawaleta wataalamu kutoka mbali, lakini ni msitu wa maji. Kagera ikifurika mnatembea na tope magotini. Ukwato wa farasi ukikaa kwenye tope siku mbili tatu unalainika, unaoza katikati na kunuka, na hapo hamna farasi tena bali mgonjwa wa kubebwa.

Ndiyo maana mimi, niliyekulia hapa karibu na ikulu ya Omukama Kahigi wa Kihanja, sikuwahi kuwasikia wazee wakisimulia habari za zizi la farasi. Ng'ombe wenye pembe ndefu walisimuliwa hadi majina yao.

Sasa mtaniuliza: mbona Wamarekani wanalala msituni na farasi wao wanapona? Kwanza, ugonjwa huu haujawahi kuota mizizi kwao. Pili, wana baridi ya miezi inayofagia wadudu. Tatu, ile kambi mnayoiona kwenye simu ina mambo yasiyoonekana kwenye simu: katika misitu yao mingi ya serikali huruhusiwi hata kuingia na nyasi za kulishia mpaka zithibitishwe kuwa hazina mbegu za magugu, na farasi hafungwi kwenye mti hivi hivi. Lakini msidhani ni laana ya Afrika peke yake. Mwaka 2020 ugonjwa uliingia Thailand, na farasi kwa mamia wakafa kabla watu hawajajua ni nini. Na kwetu ni pabaya zaidi: Nairobi nilikofanyia kazi ni mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki ni zaidi ya 1,900, usiku unajifunika blanketi mbili. Bukoba mjini ni mita 1,100 na kitu. Usiku wetu wa Aprili una joto na unyevu, mdudu anastarehe.

Kama mmeamua, basi lazeni farasi juu. Huko ndiko kambi iliko. Yule mdudu ni dhaifu, upepo kidogo tu humshinda kuruka. Na sisi upepo tunao: pandeni rweya, mtafute mgongo wa kilima unaopigwa na upepo wa ziwa, mbali na bonde, mbali na zizi la ng'ombe la mtu, mbali na dimbwi. Hapana mandhari ya maji hapo, najua, na mgeni atalalamika. Mwacheni alalamike. Maji yachoteni mpande nayo. Farasi mmoja hunywa lita 25 mpaka 50 kwa siku, kwa hiyo fikirieni madumu na mabega yenu kabla ya kufikiria bei ya hema. Saa kumi na moja jioni tandiko liwe limeshatolewa na farasi ameshakunywa, ili saa kumi na mbili, wadudu wanapoamka, awe kwenye upepo na moshi. Samadi kavu ya ng'ombe ikifukizwa upande unaotoka upepo inasaidia. Wachungaji wa Karagwe na Ankole hawakuanza jana. Inasaidia, haitoshi. Zizi lililozungushiwa wavu wenye matundu madogo kuliko ya chandarua ni bora kuliko moshi wote wa dunia, na farasi asiye na sababu ya kulala nje alale zizini.

Jinsi ya kumfunga. Nimeona watu wakimfunga farasi kwenye kisiki kama mbuzi. Usiku anazunguka, kamba inamnasa mguu wa nyuma, anashtuka, anavuta, na asubuhi mnakuta ngozi ya kisigino imechunika mpaka mfupa unaonekana. Nyosheni kamba nene kati ya miti miwili, juu kuliko kichwa cha farasi, ikazwe isilegee. Kwenye shina wekeni mkanda mpana wa turubai kwanza, kamba isile gome, maana mti ule si wenu. Hatamu ya kamba ya kila farasi ifungwe kwenye kamba hiyo ya juu kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Urefu wake uwe wa kumwezesha kufikisha pua chini lakini asiweze kuupitisha mguu juu yake. Wawili wasiopatana wasipangwe jirani. Kisha mmoja wenu akae macho. Zamu, wajukuu zangu, siyo kuweka alamu ya simu.

Na mti wenyewe uangalieni. Kwenye vibanja vyetu kivuli cha kwanza mtakachokikuta ni cha mparachichi. Msimfunge hapo. Majani na magome ya mparachichi ni sumu kwa farasi; kichwa huvimba, tumbo humsokota, na jike anayenyonyesha chuchu zake huharibika. Ng'ombe mnamtupia kila kitu na anacheua, farasi hacheui wala hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Pumba za mahindi zilizoshika ukungu, ambazo hapa tunawapa nguruwe bila kufikiri, zinaharibu ubongo wa farasi, anaanza kuzunguka na kugonga kuta. Yale magugu ya jamii ya kangaga, yanayochipua rweya ikishachomwa moto, yang'oeni mahali pa malisho. Akiyala siku nyingi anapepesuka kama aliyekunywa rubisi.

Novemba msithubutu. Si mvua tu. Msimu wa senene mnaujua ulivyo: mataa makali yamewashwa kilimani, jenereta inanguruma, mabati yamesimamishwa, watoto wanapiga kelele, senene wanaanguka kwenye mabati kama mvua ya mawe. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Haulizi kwanza. Na vilima vizuri vya kambi ndivyo hivyo hivyo vilivyo vizuri kwa senene, kwa hiyo mtagombea mahali na watu wenye haki kuliko ninyi.

Kuhusu njia sina mengi. Mgeni na tandiko lake wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi; farasi wa kilo 400, mtu na matandiko kilo 80, basi. Bwana mnene mwenye dola zake atembee au apande gari. Kabla ya kutandika pitisheni kiganja mgongoni, na baada ya kutandua pitisheni tena. Penye joto kuliko pengine patakuwa kidonda kesho. Kwato zikaguliwe kila kituo, mawe ya rweya yanajipachika. Kupe waondolewe kila siku kwa mkono, masikioni na chini ya mkia hasa, wana homa yao nyingine wanayoileta. Mkipita kwenye kibanja cha mtu shukeni, msalimie, mwongoze farasi kwa mkono. Mama aliyeinama akivuna maharage asiinue kichwa akakuta kifua cha mnyama juu yake.

Rubare ni shamba la miti la serikali, liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya 2002 haimjui mtu aliyeingia na mnyama na kuwasha moto kwa sababu ana kikundi kilichosajiliwa. Ombeni kibali cha maandishi. Majani makavu ya misonobari yanashika moto kwa cheche moja, na mkichoma shamba lile mtalilipa mpaka wajukuu wenu. Mpakani nako, chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, mnyama haingii bila kibali na cheti cha afya. Nimesikia mmoja wenu akisema kuna njia za panya Mutukula. Zipo. Farasi hapiti njia ya panya bila mkoa mzima kujua kabla ya chakula cha mchana.

Ningekuwa ninyi, fedha ile ya kwanza ningeilipia nauli tu. Vukeni Mutukula, mpite Kyotera na Masaka, mwende Lyantonde, mpaka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Ni jirani zetu wa karibu wanaofanya kazi hii hasa. Huko, kwenye loji ya Mihingo, wanatembeza wageni kwa farasi katikati ya pundamilia na pofu. Mburo haina tembo na simba ni wa kubahatisha, ndiyo maana inawezekana. Na kuna sababu nyingine isiyosemwa kwenye matangazo: miaka ya 1950 na 1960 serikali ya Uganda ilipiga risasi wanyama wa pori kwa maelfu katika Ankole ili mbung'o akose damu. Nchi ile ilisafishwa kwa gharama ambayo leo hakuna atakayekubali kuilipa. Nyati bado wapo, na dume lililojitenga ni la kukaa mbali nalo. Mkifika msiombe kupanda. Ombeni kazi ya zizini, hata ya kujitolea, mpite masika na vuli, muone wanachofanya kila siku jua likikaribia kuzama.

Na kama fedha haitoshi, punda yupo. Najua mtacheka, punda hapendezi kwenye picha. Punda wawili wa kubeba mahema na maji, wageni wakatembea kwa miguu kutoka Kanazi hadi Kamachumu kwa kulala njiani, ni biashara ambayo mnaweza kuianza mwaka huu na mwakani bado mnayo. Punda naye anataka kivuli, maji na mgongo usio na kidonda, lakini mdudu wa bondeni hatamfagia kwa wiki moja. Mwaka wa tatu mkiwa na wateja na zizi lenye wavu, njooni tuzungumze farasi.

Kabla ya yote, baana bange, wanangu, mwendeeni daktari wa mifugo wa halmashauri. Chanjo inatengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, inataka baridi tangu kiwandani mpaka kwenye sindano, inachomwa mara mbili kwa kupishana wiki kadhaa, na kurudiwa kila mwaka kabla ya mvua. Muulizeni kama anaweza kuiagiza, itapita njia gani, itakaa kwenye friji ya nani umeme ukikatika, na nani atachoma. Andikeni majibu yake, mniletee niyasome. Akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, fedha ibaki kwa mweka hazina, na yule aliyekwisha kumpigia simu muuzaji wa Mbarara ampigie tena leo.